Udhahanishaji katika uandishi wa programu na akili mnemba: mwongozo kamili wa kuunda, kupima na kurekebisha matabaka

Kila programu inayofanya kazi leo inategemea mambo mengi ambayo aliyeiandika hayajui wala halazimiki kuyajua. Anayeandika amri ya kufungua faili hafikirii jinsi diski ilivyogawanywa, jinsi biti zinavyohifadhiwa ndani yake, wala jinsi mfumo endeshi unavyopanga zamu za programu nyingi zinazoiomba diski hiyo kwa wakati mmoja. Amepewa jina, yaani faili, na pamoja na jina hilo amepewa ahadi kwamba baiti atakazoandika kwa mpangilio fulani atazikuta baadaye kwa mpangilio uleule. Udhahanishaji ndiyo kazi ya kutengeneza majina na ahadi za namna hiyo; jina pamoja na ahadi yake ndilo linaloitwa hapa dhana, nazo dhana hujengwa tabaka juu ya tabaka. Ni kweli kwamba unahusu kuchagua yapi yaachwe nje, lakini uzito wake uko kwenye kile kinachobaki, kwa kuwa hicho ndicho watakachokiegemea watu wengine.

Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, katika mhadhara wake wa kupokea Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1972, alisisitiza kwamba lengo la udhahanishaji si kuzungumza kwa ujumla usio na mipaka, bali ni kuunda ngazi mpya ya maana ambamo mtu anaweza kusema jambo kwa usahihi kamili. Mwongozo huu unafuata msimamo huo. Msomaji anatarajiwa awe amewahi kuandika programu chache katika lugha yoyote. Mfano utakaotumika ni mmoja: mfumo unaokusanya vipimo vya joto la hewa kutoka vituo kadhaa, na ambao baadaye unatumia akili mnemba kubaini vipimo vyenye hitilafu.

Tabaka ambalo mwandishi wa programu anaanzia si tupu. Grace Hopper alitengeneza mfumo wa A-0 mwaka 1952 ili vipande vya amri vilivyokwisha kuandikwa viweze kuitwa na kuunganishwa na mashine yenyewe. Lugha ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, ikamwezesha mwanasayansi kuandika kanuni ya hesabu karibu kama anavyoiandika kwenye karatasi. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei walileta madaraja na vitu (kwa Kiingereza classes na objects) katika lugha ya Simula 67, na katika miaka ya 1970 Barbara Liskov na wenzake waliunda lugha ya CLU, ambamo aina mpya ya data hutambulishwa kwa vitendo vinavyoruhusiwa juu yake na si kwa jinsi ilivyopangwa kwenye kumbukumbu. Kila mara kilichoongezwa kilikuwa ahadi mpya, na anayeongeza tabaka lake leo yuko katika kazi ileile.

Hatua ya kwanza: andika hali halisi kabla ya dhana

Kosa linaloonekana mara nyingi kwa wanaoanza, na hata kwa wazoefu wanaopenda unadhifu, ni kubuni dhana ya jumla kabla ya kuwa na mifano ya kutosha. Katika mfumo wetu, anza kwa kuandika msimbo wa kila kituo peke yake, bila aibu ya kurudiarudia. Tuseme kituo cha kwanza kinaandika vipimo vyake kwenye faili kila dakika, kwa nyuzi za Selsiasi. Kituo cha pili kinavituma kupitia mtandao, kwa nyuzi za Farenhaiti, na mara nyingine kinachelewa. Kituo cha tatu kina kihisi kinachotoa namba kati ya 0 na 1023 inayowakilisha volti, na namba hiyo inahitaji kugeuzwa ndipo iwe joto.

Ukiwa na kituo kimoja tu, ungedhani kwamba kituo ni faili. Ukiwa na viwili, ungedhani kwamba tofauti iko kwenye njia ya kupokea data. Cha tatu ndicho kinachoonyesha kwamba hata maana ya namba yenyewe inaweza kutofautiana. Ndiyo maana waandishi wengi wa programu hufuata desturi ya kusubiri mara ya tatu kabla ya kukusanya msimbo unaofanana mahali pamoja. Msimbo uliorudiwa huonekana, na unaweza kuunganishwa siku yoyote, ilhali dhana isiyo sahihi hujificha ndani ya kila sehemu inayoitegemea.

Hatua ya pili: orodhesha maamuzi yanayoweza kubadilika

Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala fupi kuhusu namna ya kuigawa programu katika moduli. Alichukua programu moja ndogo ya kutengeneza faharasa na kuigawa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilifuata mtiririko wa kazi: soma, panga, chapisha. Ya pili iliipa kila moduli uamuzi mmoja mgumu, au unaoelekea kubadilika, ili iufiche usionekane na moduli nyingine. Zote mbili zingefanya kazi, lakini katika ile ya kwanza mabadiliko madogo, kama vile namna ya kuhifadhi mistari kwenye kumbukumbu, yangeigusa karibu kila moduli.

Fanya zoezi hilohilo kwa maandishi. Katika mfumo wa vituo, yanayoweza kubadilika ni muundo wa faili, kizio cha joto, itifaki ya mtandao, kanuni ya kugeuza volti na mahali pa kuhifadhi vipimo. Yasiyoelekea kubadilika ni machache: kuna vituo, kuna nyakati, na kwa kila kituo na wakati kuna kipimo cha joto au hakuna. Haya machache ndiyo yatakayokuwa uso wa dhana yako, na yale mengine kila moja lipewe moduli yake ya kujifichia. Ukiona uamuzi mmoja umetawanyika katika moduli tatu, mgawanyo huo haujakamilika.

Hatua ya tatu: andika ahadi kabla ya kuandika kilichomo ndani

Hapa ndipo panapostahili muda mwingi kuliko hatua zote. Tuseme umeamua kwamba uso wa dhana yako ni fanksheni moja, soma_joto(kituo, wakati). Jina hilo peke yake halijaahidi kitu. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa utekelezaji wake, andika kwa sentensi kamili majibu ya maswali yafuatayo, na uyaweke juu ya fanksheni yenyewe badala ya kuyaacha kwenye waraka wa pembeni ambao hautafunguliwa tena.

Namba inayorudishwa iko katika kizio gani? Swali hili linaonekana la kitoto mpaka lisipojibiwa. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ya duniani ilitoa matokeo ya msukumo wa injini kwa vizio vya Kiingereza, wakati programu iliyoyapokea ilitarajia vizio vya mfumo wa metriki. Hesabu za pande zote mbili zilikuwa sahihi, na kilichovunjika ni ahadi iliyokuwa kati yao.

Nini hutokea kipimo kinapokosekana? Mifumo mingi ya vipimo ina desturi ya kuandika namba isiyowezekana, kama vile -999, mahali pa kipimo kilichokosekana. Desturi hiyo ni hatari kwa dhana, kwa kuwa namba hiyo inapita kwenye kila hesabu kana kwamba ni joto halali. Vipimo 23 vya nyuzi 20 pamoja na -999 moja vinatoa wastani wa takribani nyuzi -22.5, na hakuna sehemu ya programu itakayolalamika. Ni bora fanksheni irudishe jibu la aina tofauti kabisa, ambalo lugha ya programu haitaruhusu lijumlishwe na namba kimyakimya.

Wakati unaotajwa ni wa ukanda gani wa saa, na kama hakuna kipimo cha dakika hiyo hasa, je, kinarudishwa kilicho karibu zaidi? Fanksheni inaweza kuchukua muda gani kabla ya kujibu au kukata tamaa? Je, kuisoma kunabadilisha chochote, kwa mfano kunafuta kipimo kwenye foleni? Ukishindwa kujibu swali mojawapo, usianze kuandika utekelezaji, kwa sababu utekelezaji utakujibia kwa bahati tu, na jibu hilo la bahati ndilo watumiaji watakaloanza kulitegemea.

Hatua ya nne: badilisha cha ndani uone kama nje panatikisika

Dhana yenye utekelezaji mmoja bado haijathibitishwa kuwa dhana. Andika utekelezaji wa pili, hata kama ni wa majaribio tu: kituo cha kubuni kinachorudisha vipimo vilivyopangwa tayari, kinachochelewa kwa makusudi, na ambacho mara nyingine hakina kipimo. Kisha endesha sehemu zote nyingine za mfumo juu ya kituo hicho bila kuzibadilisha. Kanuni inayoongoza jaribio hili inahusishwa na Barbara Liskov, aliyeieleza mwaka 1987 na kuifafanua pamoja na Jeannette Wing mwaka 1994: kitu cha aina ndogo kinapaswa kuweza kuchukua nafasi ya kitu cha aina kuu bila programu inayokitumia kupoteza usahihi wake. Kinachodaiwa ni zaidi ya kufanana kwa majina na idadi ya vigezo, kwani tabia pia lazima iwe ileile. Kituo kinachorudisha Farenhaiti kitakubaliwa na kompaila, lakini kitakuwa kimevunja kanuni.

Hatua ya tano: tafuta mahali dhana inapovuja

Mwaka 2002 Joel Spolsky aliandika kwamba dhana zote zenye uzito huvuja kwa kiwango fulani, yaani mambo ya ndani yaliyofichwa hujitokeza nje, na uzoefu wa kazi hii unaonyesha hivyo. Namba za desimali katika lugha nyingi hufuata kiwango cha IEEE 754, kilichopitishwa mwaka 1985, na huhifadhiwa kwa mfumo wa jozi, wenye tarakimu 0 na 1 tu, ambao hauwezi kuiandika 0.1 kikamilifu. Ndiyo sababu 0.1 ikijumlishwa na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Anayelinganisha joto mbili kwa alama ya usawa amesahau tabaka lililo chini yake.

Kumbukumbu nayo huvuja kupitia muda. Jedwali la namba linaonekana kana kwamba kila seli yake inafikiwa kwa gharama moja, lakini vichakataji vingi vya sasa huchota kumbukumbu kwa mafungu ya baiti 64, yaani namba nane za baiti nane kila moja. Katika lugha ya C, ambayo hupanga jedwali safu mlalo kwa safu mlalo, kulipitia jedwali kubwa kwa kufuata safu wima hutupa sehemu kubwa ya kila fungu, na programu hupungua kasi mara kadhaa bila jibu lake kubadilika. Fortran hupanga kinyume chake, hivyo ushauri nao hugeuka.

Uvujaji unaosumbua kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa mtandao. Kuita fanksheni iliyo kwenye kompyuta nyingine kunaweza kuandikwa kwa namna inayofanana kabisa na kuita iliyo hapahapa, na mfanano huo ni uongo: ombi linaweza kupotea, jibu linaweza kupotea baada ya kazi kufanyika, na muda unaweza kuongezeka mara elfu nyingi. Dhana nzuri ya kituo cha mtandaoni haifichi jambo hili. Huliweka kwenye ahadi kwa kutaja kikomo cha muda na kusema iwapo ombi linaweza kurudiwa bila madhara.

Ukishajua mianya ilipo, iandike. Usijaribu kuiziba yote kwa kuongeza vigezo vya ndiyo na hapana kwenye fanksheni ileile, maana mtaka yote hukosa yote. Fanksheni yenye vigezo sita vya namna hiyo ina njia 64 za kuitwa, na ni chache tu kati yake zitakazowahi kujaribiwa. Ikifika hapo, rudisha msimbo wake kwa kila anayeiita, futa kwa kila mmoja matawi asiyoyatumia, kisha uangalie upya ni nini hasa kinachofanana.

Tofauti inayoletwa na akili mnemba

Katika programu za kawaida ahadi huandikwa na mtu kwanza, kisha utekelezaji hufuata. Katika ujifunzaji wa mashine mpangilio huo unageuka. Mtu hutoa mifano na kipimo cha kosa, na mashine hutafuta yenyewe yapi ya kuzingatia na yapi ya kupuuza. Makala ya David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba mtandao wa neva bandia, yaani mfumo wa hesabu zilizopangwa katika matabaka, unaofunzwa kwa kurudisha kosa nyuma huunda katika matabaka yake ya ndani viwakilishi ambavyo hakuna aliyeviandika. Baada ya mtandao uitwao AlexNet kushinda shindano la kutambua picha la ImageNet mwaka 2012, watafiti waliochungulia ndani ya mitandao ya aina hiyo walikuta tabaka za mwanzo zikiitikia kingo na rangi, zinazofuata zikiitikia michoro ya kujirudia, na za mbali zikiitikia sehemu za vitu kama nyuso na magurudumu. Huo ni udhahanishaji, ila hauna ahadi iliyoandikwa popote, na hivyo kazi ya mhandisi inakuwa kuichunguza ahadi hiyo baada ya dhana kuwapo.

Zana nazo zina matabaka yake. TensorFlow, iliyotolewa mwaka 2015, na PyTorch iliyofuata, humwondolea mwandishi kazi ya kukokotoa viderivativu (viwango vya mabadiliko ya kosa) kwa mkono na ya kuandika amri za vichakataji vya michoro. Zinavuja pia. Katika namba za desimali za biti 16 thamani kubwa kabisa ni 65504, kwa hiyo kipeo asilia cha namba inayozidi kidogo 11, yaani e ikipandishwa kwa namba hiyo, hufurika. Ndiyo maana kabla ya kutumia kipeo hicho kugeuza alama za modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa mifano, kuwa uwezekano, kila alama hupunguzwa kwanza kwa alama iliyo kubwa kuliko zote. Jibu la kihesabu ni lilelile, lakini mashine haifuriki.

Hatua ya sita: chagua modeli ione nini

Tuseme sasa unataka modeli iseme ni vipimo vipi vya joto vina hitilafu. Uamuzi mkubwa unafanyika kabla ya kuchagua aina ya modeli. Ukiipa joto ghafi peke yake, itajifunza kwamba joto kali ni kosa, na itakosea kila siku yenye joto isivyo kawaida. Ukiipa tofauti kati ya kituo na wastani wa vituo jirani, umeiambia kwamba hali ya hewa ya siku hiyo si jambo la kuzingatia, na mara nyingi hilo ndilo unalotaka. Lakini pia umeiondolea uwezo wa kugundua hitilafu inayovikumba vituo vyote kwa pamoja, kwa hiyo andika hasara hiyo mahali inapoonekana.

Saa ya siku inahitaji uangalifu wa pekee. Ikiingizwa kama namba kuanzia 0 hadi 23, modeli itaona saa 23 na saa 0 kuwa ziko mbali kabisa, ilhali zinafuatana. Badala yake, iwakilishe kama nukta kwenye duara, kwa kutumia sini na kosini ya pembe yake, nazo saa hizo mbili zitakaa jirani. Hakuna data iliyoongezwa hapo. Kilichobadilika ni uwakilishi peke yake.

Hatua ya saba: ihoji dhana ambayo modeli imejifunza

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mitandao iliyofunzwa kutambua nimonia kwenye picha za eksirei za kifua. Walikuta kwamba mitandao hiyo iliweza kutambua kwa usahihi mkubwa picha ilitoka katika mfumo gani wa hospitali, na kwamba katika ulinganisho kadhaa ufanisi ulishuka ilipopewa picha za hospitali ambazo haikufunzwa nazo. Viwango vya ugonjwa vilitofautiana kati ya hospitali, hivyo kujua mahali kulisaidia kukisia jibu. Dhana iliyojifunzwa haikuwa ugonjwa peke yake.

Mfumo wa vituo unaweza kuingia katika mtego huohuo, kwa mfano iwapo kihisi chenye hitilafu nyingi kiko katika kituo kimoja. Kwa hiyo usigawanye data ya mafunzo na ya majaribio kwa kuchanganya safu ovyo; weka pembeni vituo vizima ambavyo modeli haitaviona kabisa wakati wa mafunzo. Kisha funza modeli nyingine ndogo ambayo inapewa jina la kituo tu. Ikikaribia kufanya vizuri kama ile kubwa, unajua ile kubwa inaegemea nini.

Jaribio linalofuata ni la kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ongeza nyuzi 0.1 kwenye vipimo vyote na uone kama majibu yanabaki yaleyale, kama yanavyopaswa. Bandika hitilafu unayoijua, kama kihisi kilichoganda kwenye namba moja kwa saa sita, na uone kama inagunduliwa. Majaribio haya si ya ziada. Tangu mwaka 2013 inajulikana kwamba badiliko dogo mno la picha, ambalo jicho halilioni, linaweza kuufanya mtandao wenye ufanisi mkubwa ubadilishe jibu lake kabisa, na alama nzuri ya wastani haifichui udhaifu huo.

Hatua ya nane: ifunge modeli ndani ya kiolesura chenye ahadi

Modeli isiitwe moja kwa moja kutoka kila pembe ya programu. Iweke nyuma ya fanksheni moja, kwa mfano kagua_kipimo, na uiandikie ahadi kama ulivyofanya katika hatua ya tatu, pamoja na mambo matatu zaidi: toleo la modeli lililotoa jibu, upeo wa data ambao modeli ilifunzwa nao, na jibu la tatu la kukiri kutojua pale kipimo kinapokuwa nje ya upeo huo. Ukaguzi wa upeo uandikwe kwa msimbo wa kawaida unaosomeka, usiachiwe modeli.

Kanuni hiyo inahusu pia modeli kubwa za lugha, na huko inahitajika zaidi. Modeli hizo hupokea tokeni, yaani vipande vya maneno vilivyopewa namba, na si herufi mojamoja; hii ni sababu mojawapo ya modeli inayoandika insha nzuri kuweza kukosea idadi ya herufi katika neno. Kazi ya kuhesabu, kupanga au kutafuta iachwe kwa msimbo, na modeli ipewe kazi ya kufasiri maneno ya mtu. Jibu lake lidaiwe katika muundo uliotangazwa, likaguliwe kabla ya kupokewa, na likikataliwa liombwe tena mara chache zilizowekewa kikomo. Maneno ya maagizo yanayotumwa kwa modeli ni uamuzi unaobadilika kila mara, kwa hiyo, kwa mujibu wa hatua ya pili, yakae ndani ya moduli moja.

Siku modeli itakapobadilishwa kwa nyingine, endesha upya majaribio yote ya hatua ya saba juu ya modeli mpya kabla haijapokea data halisi, kisha iache ifanye kazi sambamba na ya zamani kwa kipindi fulani huku majibu yanayotofautiana yakiandikwa kwenye faili. Soma tofauti hizo mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila tofauti inayoonyesha tabia ambayo ahadi haikuitaja, ongeza sentensi yake kwenye ahadi na jaribio lake kwenye orodha.